Huyu wa Tatu Kutoka Kushoto ni Nani?

Msiba ndio unaoziumbua simu zetu. Mtu akifariki usiku, kufika alfajiri kamati inataka picha yake moja tu, safi, ya kuanzia kifuani kwenda juu, ikachapwe kubwa na kutiwa fremu. Simu zinatolewa mifukoni, kila moja ina picha maelfu, na watu wanaanza kuvuta kioo kwa kidole gumba: keki, keki, risiti ya Luku, mtoto kalala, keki, waridi lenye umande lililoandikwa Asubuhi Njema. Saa nzima baadaye inapatikana moja ya harusini, inakatwa harakaharaka, na marehemu anapelekwa kanisani akiwa na vidole vinne vya shemeji begani mwake.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuviondoa vidole hivyo. Haudai ununue kitu kikubwa: diski ya nje moja au mbili, kompyuta hata ya kuazima, na jioni kadhaa ambazo vinginevyo zingeishia kwenye tamthilia. Ufuate ulivyo, hata pale utakapokuonea.

Kwanza kusanya, na usifute hata picha moja kabla hujamaliza kukusanya. Fungua droo lenye simu ya zamani iliyopasuka kioo. Tafuta memori kadi ndani ya kopo la vifungo, flashi aliyoileta mpiga picha wa harusi, na DVD ya send-off ambayo siku hizi hakuna mashine ya kuisomea nyumbani. Mpigie mjomba aliyeko Muscat umuulize ile kamera yake iko wapi. Kila chanzo kipe folda yake na jina lake, Simu ya Baba, Kadi ya Kamera ya Mjomba, wala usivichanganye bado. Sababu yake ni hii: kamera nyingi huzihesabu picha mpaka 9999, kisha hurudi 0001. Ina maana una picha mbili au tatu tofauti kabisa zinazoitwa IMG_0417. Ukizimwaga zote kwenye folda moja, kompyuta itakuuliza kama ubadilishe iliyopo, wewe utabonyeza ndiyo kwa uchovu, na ubatizo wa mtoto utakuwa umefunikwa na picha ya tairi.

Zikishakusanyika, shika panga. Kadi zote za kutakiana heri, mawaridi, mishumaa na njiwa, ziende bila kuagwa. Aliyekutumia alishapata thawabu yake. Zikifuata skrini shoti za miamala ya pesa, utashangaa ghala limepungua kiasi gani. Halafu ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uizuie isimwage kila kinachotumwa kwenye grupu ndani ya galari yako, maana bila hivyo unadeki huku bomba liko wazi. Keki ibaki moja kwa kila sherehe. Watu walewale waliosimama vilevile mara kumi na moja, baki na mbili: ile ambayo macho yote yamefunguka, na ile ambayo kuna mtu amechekesha wenzake. Ila picha iliyotikisika, yenye giza, ambayo ndiyo pekee anamoonekana mtu fulani, hiyo haifutwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Sasa tarehe. Picha ya kidijitali huzaliwa na maelezo yake yakiwa yamefungwa ndani ya faili, kwa utaratibu uitwao Exif uliotungwa Japani mwaka 1995: siku, saa, aina ya kamera, na kama simu iliruhusiwa, hata mahali iliposimama. WhatsApp ikituma picha kama picha huibana na kuyavua maelezo hayo. Jina kama IMG-20190614-WA0031 linakuambia siku picha ilipopita kwenye WhatsApp, halina habari na siku ilipopigwa. Ndiyo maana mahafali ya mama ya mwaka 1978, aliyoyaskani binamu na kuyarusha kwenye grupu, yamekaa Juni 2019 katikati ya nyama choma. Ukimwomba mtu picha ya maana, mwambie aitume kama dokumenti, si kama picha. Itafika nzima, na tarehe yake. Na ukiwa na nakala mbili za picha ileile, baki na ile yenye uzito mkubwa zaidi.

Folda anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, vyote kwa tarakimu: 2018-12-22 Harusi Tanga, upande wa bibi harusi. Kompyuta hupanga kwa kusoma kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, tarehe mosi za miaka yote zitalala kitanda kimoja. Ukiandika miezi kwa majina, mwaka wako utaanza Agosti, ufuatwe na Aprili, kisha Desemba, na Januari utaikuta nafasi ya tano. Usipojua siku, andika mwaka na sifuri, 1987-00-00. Usipojua hata mwaka, andika 198x na usione haya. Tarehe ya kubuni ina madhara kuliko pengo, kwa sababu pengo linaomba kujazwa na uongo unajifanya umeshajaa.

Mwaka unaweza kuusaka ndani ya picha yenyewe, na hii ndiyo sehemu tamu ya kazi. Tazama nyuma ya watu. Gari la Kenya lenye namba inayoanza na KDA linakuambia picha haikupigwa kabla ya 2020. Dar, basi la mwendokasi likipita Morogoro Road, uko Mei 2016 au baadaye. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, la Tanzanite lilizinduliwa rasmi Machi 2022. Unguja, ukiona mnara wa saa wa Beit al-Ajaib umesimama nyuma ya bibi harusi pale Forodhani, ujue anayependeza hapo alipendeza kabla ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya jengo ilipoporomoka na mnara wake. Kanga ya kumuombolezea Mwalimu Nyerere haiwezi kuitangulia Oktoba 1999. Fulana ya kampeni ina mwaka wake kifuani. Na sare! Kila harusi na kitambaa chake: mama wa bwana harusi na mashoga zake rangi hii, kamati rangi ile. Ukishaijua sare moja, picha mia mbili zisizo na tarehe zinajipanga zenyewe. Kuwa macho tu, kwa sababu kitenge kizuri cha sare huvaliwa tena kwenye kipaimara, kwenye ubatizo, hata sokoni. Sare inakuambia picha haikuitangulia harusi, basi.

Za kwenye albamu, skani pande zote mbili. Mgongo wa picha ya zamani una muhuri wa studio, una tarehe, una maneno ya ukumbusho kwa mwandiko wa mtu ambaye huenda hukuwahi kuuona mwandiko wake. Zanzibar, Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 iliwapiga vizazi kwa vizazi vya watu wa Mji Mkongwe. Muhuri wa studio kama hiyo peke yake unakupa mji, na mara nyingi unakuonyesha pa kuanzia kuulizia.

Tukija kwenye majina, hapo ndipo nitakapokuwa mkali kuliko kote. Usiandike Mama. Usiandike Bibi, wala Mama Mkubwa, wala Baba Mdogo. Majina hayo ni ya kweli mdomoni mwako tu. Mama mkubwa wako ni dada kwa mama yako, ni bibi kwa mwanao, na kwa mume wake ni mke. Siku diski itakapokuwa mikononi mwa mwanao, folda ya Bibi itakuwa na wanawake wanne ambao hakuna wa kuwatenganisha. Mama Asha naye hatoshi. Katika ukoo mmoja Mama Asha wanaweza kuwa watatu, na Asha mwenyewe keshaitwa Mama Ibra. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho: lake, la baba yake, la babu yake. Baada ya hapo weka mabano, ndani yake jina analoitwa mtaani au nyumbani, kwa kuwa ndilo wengi watakalolitafuta. Mwisho taja ni mtoto wa nani na ni wa ngapi kuzaliwa. Ni maneno marefu, na ndivyo yanavyopaswa kuwa.

Picha ya kundi taja kwa safu, kwanza waliokaa, kisha waliosimama, kutoka kushoto kwenda kulia kwa macho ya anayetazama. Usiyemjua usimruke. Andika hajulikani, kofia ya kiua, amebeba mtoto. Ukimruka mmoja, wote wanaomfuata wanasogea, na shangazi anakuwa padri.

Simu za kisasa zitajitolea kukusaidia kuzitambua sura. Kubali msaada huo, kisha hakiki kila pendekezo kwa macho yako. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua sura, na katika nyingi makosa ya kumdhania mtu kuwa mwingine yalikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki. Sisi ndio tuliotajwa hapo. Ongeza ndugu wa tumbo moja wanaofanana, mitandio, vilemba na mwanga wa ukumbini wa rangi ya zambarau, halafu uone mashine itakavyomwoza mtu kwa shemeji yake.

Mtambuzi anayeaminika yuko nyumbani, ana miaka themanini, na kazi yako ni kumfikia mapema. Nenda mchana baada ya chakula, si usiku anapochoka. Usimpe simu; unganisha kompyuta na televisheni ili sura ziwe kubwa, na uende albamu moja kwa mara moja. Msalimie ipasavyo na umwombe ruhusa ya kurekodi sauti yake. Na usianze na huyu nani, maana swali hilo linafanana na mtihani na mzee akikosa mara mbili atasema amechoka. Muulize nyumba hii ilikuwa wapi. Muulize siku hii mlikula nini, nani alileta gari. Atakapofika kwenye gari atamtaja dereva, kaka wa dereva, mwanamke aliyekataa kuolewa na dereva, na utapata majina sita pale ulipoomba moja. Atakapokukatiza na kusema siye huyo, huyo ni mdogo wake, yeye ndiye aliyefia Kilosa, nyamaza kabisa. Usimsahihishe, usisogeze picha.

Ataagiza pia baadhi zifutwe: ya mkwe aliyeachwa, ya ndugu waliyegombana naye shamba. Mwitikie kwa heshima, na uzihamishie kwenye folda inayofungwa kwa nywila. Wajukuu wa mkwe yule ni wajukuu wa nyumba hiyohiyo, nao watakuja kumtafuta. Picha za ndani, za singo na shughuli za wanawake peke yao, ambako watu walivua mitandio kwa kuaminiana, ziwe na folda yake isiyoingia kwenye albamu yoyote ya pamoja. Hilo halina mjadala, hata kama ndizo picha nzuri kuliko zote.

Majina hayo yote yaandikwe ndani ya faili lenyewe, yasiachwe kwenye programu. Picasa ya Google ilikuwa na watu wengi waliotaja sura miaka nenda rudi; Machi 2016 ikasitishwa, na ambao hawakuwa wameielekeza iyaandike majina ndani ya picha walibaki na picha zisizojua chochote. Tumia digiKam, ni ya bure, na kwenye mipangilio yake washa kipengele cha kuandika maelezo kwenye faili. Ijaribu kabla hujaenda mbali: taja picha moja, inakili kwenye kompyuta nyingine, ifungue kwa programu nyingine, uone kama jina limefika.

Kuhifadhi kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Usitegemee wingu peke yake. Google Photos ilipokea picha bila kikomo mpaka tarehe 1 Juni 2021. Sasa nafasi ya bure ni gigabaiti 15, nayo unagawana na barua pepe zako. Pakia usiku kwa wifi ya mahali unapoaminika, usimalize bando la mwezi kwa harusi moja. Nakala ya mbali mpe ndugu wa mji mwingine, Mwanza kama wewe uko Dar, ili mafuriko, moto au mwizi wasikute zote chumba kimoja. Watu wanapokwenda nyumbani Krismasi au Idi, mwenye diski ya zamani aje nayo, aondoke na mpya. Juu yake ibandikwe karatasi: tarehe iliponakiliwa mara ya mwisho, na majina yote matatu ya mwenye zamu ya mwaka huu.