Wakwe, Wali na Wingu la Wadudu

Baba mkwe wangu ameshaisimulia habari hii Mbinga nzima, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijafika Songea ikiwa imeongezwa chumvi.

Jumamosi iliyopita niliwaandalia wakwe chakula cha jioni bustanini, Mbamba Bay, hatua chache kutoka mchangani. Meza chini ya mwembe, kitambaa cheupe, wali, mbasa wa kuchoma, na juu yake taa ya sola yenye mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Alasiri tuliona moshi mzito umesimama juu ya ziwa, upande wa Malawi. Baba mkwe akasema huko kuna kijiji kinaungua. Jirani yangu mvuvi hakusema kitu. Alizima taa zake zote, akafunga madirisha, akakaa barazani gizani.

Giza lilipoingia, moshi ukafika mezani, na ulikuwa na mabawa. Vijidudu laini, vidogo kuliko mbu, vikaishukia taa yangu kwa mamilioni na kutoka hapo vikaangukia popote. Kitambaa kikawa cha kijivu. Nikafunua bakuli la wali, nikalifunika tena. Vingine viliganda kwenye mafuta ya nywele ya mama mkwe, naye akajifunika kitenge gubigubi na kuanza kusali humo ndani. Baba mkwe akatema mate pembeni, akaniambia, "Mwanangu, umetuita kula au kuliwa?"

Chumba pekee chenye dirisha la wavu mzima ni chumba chetu cha kulala. Anayejua mila zetu anajua maana ya mama mkwe kuingia chumba anacholala mkwewe. Aliingia. Tena alikaa kitandani, sahani mapajani, tukala gizani bila neno huku taulo likiziba upenyo wa chini ya mlango.

Asubuhi nilizoa ndoo nzima. Mke wa jirani akaiomba awape kuku wake. "Tuliona unawasha taa," akasema, "tukadhani unajua."

Nilichukua wachache kwenye kiberiti, nikawatazama kwa lenzi. Sikutegemea kuwapenda. Mbu ana mrija mrefu wa kunyonyea damu. Hawa hawana, midomo yao haiwezi kuuma mtu. Madume wana papasi zenye manyoya mengi, laini ajabu. Wataalamu huwaita Chaoborus edulis, na hilo jina la pili maana yake ni kwamba wanalika: ng'ambo ya pili watu huwakusanya, huwafinyanga mikate na kuikausha. Livingstone alipopita ziwani humu mwaka 1861 alipewa mkate wa namna hiyo, akaonja, na hakulalamika. Wakwe zangu walipewa bure, wakalalamika.

Ila maajabu yenyewe yako majini, kabla mdudu hajaota mabawa. Viluwiluwi vyake vinapenyeza nuru mwili mzima. Unaona utumbo unavyofanya kazi, na chakula kilichomo. Mchana huzama mbali, kuelekea kina cha mita 200 na zaidi ambako hewa ya oksijeni ni haba na samaki wengi hawathubutu kufuata. Usiku hupanda juu kuwinda vijidudu vya majini, na huvikamata kwa papasi zao, kiungo ambacho wadudu wengi hukitumia kunusia na kupapasa. Vinapandaje na kushukaje bila kuchoka? Vina vifuko vya hewa, jozi moja mbele, jozi nyingine nyuma. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walieleza jinsi ndugu yao wa Amerika ya Kaskazini anavyovitumia. Kuta za vifuko zina mikanda ya protini iitwayo resilini. Mdudu akipunguza asidi humo, mikanda huvimba, kifuko hutanuka, naye huelea. Akiongeza asidi, husinyaa, naye huzama. Hana msuli wa kazi hiyo. Nilisoma hayo hadi saa nane usiku, mke wangu akaniuliza kama nimeanza kuwahurumia kuliko mama yake.

Nikapeleka kiberiti changu kwenye ofisi moja inayohusika na mambo ya shamba. Kijana wa zamu akakifungua, akakifunga. "Mzee, hawa ni wadudu." Nikamwambia hilo nilikuwa nalo tangu nyumbani. Akaniambia nipulize dawa.

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Wavuvi wetu wanajua wingu litaangukia wapi na samaki gani huwafuata viluwiluwi hawa, lakini hakuna anayewauliza. Vitabu vya kumtambua mdudu kwa mshipa wa bawa lake vimeandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa shule ya msingi ya Liuli haisomi, na bei yake ni ya wenye mishahara. Mdudu ametoka ziwani kwetu, ameingia kwenye chakula chetu, halafu anayetaka kumjua anaambiwa amuue kwanza.

Nilipuliza, nakiri. Wakafa nyuki, na buibui waliokuwa wakinisaidia.

Wiki hiyohiyo nilimkimbia nyigu kwenye maua ya maboga mbele ya wanafunzi. Kumbe alikuwa inzi mwenye mistari, mabawa mawili tu, hana mwiba.

Na maembe yangu yakatoka na mabuu. Huyo ni inzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kufika kwetu upesi. Dawa ya majani haimfikii akiwa ndani ya embe, dawa yake ni mitego ya madume na kuzika matunda yaliyooza. Nilimweleza muuza dawa yote hayo, kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu, akapanda kigoda, akashusha chupa ileile.