Shangazi Chuma Ajibu: Kopo la Zege Halikui Lenyewe

Barua za wiki hii zimenichosha kabla sijafika jimu. Wengine mnataka misuli bila kula, wengine mnakula kwa ajili ya misuli msiyoifanyia kazi, na mmoja anataka nimwamulie ugomvi na mumewe. Majibu ni bure, ila yakikuchoma, hayarudishwi.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22 na kilo 58. Tangu Januari napiga chuma kila siku kwenye jimu ya mtaani, hata Jumapili. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na andazi, jioni chipsi kavu. Mikono haijajaa hata kidogo. Nimerogwa? (Miraba Minne Mtarajiwa, Tandika)

Marahaba mwanangu. Hakuna mchawi mwenye muda wa kuroga mikono hiyo. Hebu niambie: yale makopo yenu ya rangi mliyojaza zege na kupitisha bomba katikati, unanyanyua yaleyale ya Januari? Kopo la zege halikui lenyewe. Mwili hujenga msuli pale unapodaiwa kazi ambayo haujaizoea. Ukiona unanyanyua mara 12 bila kukunja uso, ongeza uzito, au ongeza idadi, au shusha polepole zaidi. Seti ya maana huisha ukijua kwamba ungeweza kunyanyua mara mbili tu zaidi, tena kwa kulia. Na Jumapili kapumzike, maana msuli hukua umelala na umeshiba.

Kushiba ndiko kuliko na kesi. Anayetaka misuli ahesabu takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwako wewe ni gramu 93 hivi. Kwa chai na andazi, unafanana na mtu aliyeita mafundi wajenge nyumba bila kununua tofali: wamefika, wamekaa kivulini, na ujira wao wanadai.

Basi piga hesabu nami. Mayai mawili, gramu 12. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, gramu 30. Nusu lita ya maziwa, 16. Karanga gramu 50, kama 13. Dagaa wakavu gramu 30, kama 18. Jumla 89, na ugali wenyewe utaziba pengo. Tena ugali huo usiudharau, kwani ndio unaokupa nguvu ya kunyanyua. Utafiti wa wakimbiaji hodari wa Kenya uliochapishwa mwaka 2004 uliwakuta wakipata zaidi ya robo tatu ya nishati yao kwenye wanga. Vyote hivi mamantilie wa mtaani kwenu na duka la jirani wanavyo. Mchawi wako ni lile andazi.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24. Nakimbia kila asubuhi, jioni narukaruka jimu, na chakula changu ni tango na tikiti maji, maana harusi ya dada ni Desemba. Vyuma naviogopa, nisije nikaota mabega ya baunsa. Siku hizi kizunguzungu kinanishika, na siku zangu sijaziona miezi mitatu. (Kiuno cha Nyigu, Mikocheni)

Marahaba. Kwanza kapime mimba. Usininunie, shangazi yako si mtoto. Kama haipo, bado nenda kwa daktari, na usingoje Desemba. Mwili unaotoa nishati nyingi kuliko unayopewa huanza kubana matumizi, na shughuli za uzazi huwa miongoni mwa zinazosimamishwa mapema. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi lisilobagua jinsia, kwa kuwa inawapata wanamichezo wa kike na wa kiume pia. Ikiachwa hudhoofisha mifupa, na mfupa uliopotea ujanani si rahisi kurudi wote.

Ama kuhusu baunsa, tulia. Homoni ya testosteroni inayosaidia kumjaza mwanaume mabega, yeye anayo zaidi ya mara kumi ya uliyonayo wewe. Mabaunsa wamehangaika miaka na miaka, halafu wewe unahofia kuwafikia kwa bahati mbaya kabla ya harusi! Wanawake wangapi wanajitwika ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, kutoka bombani kila siku? Niletee mmoja aliyeota mabega ya baunsa. Kula wali, samaki, maharage na mboga. Daktari akikuruhusu, nyanyua vyuma mara mbili tatu kwa wiki. Gauni likibana, mafundi cherehani wapo.

Shangazi, mume wangu ameanza jimu. Asubuhi anakula mayai sita, watoto wanagawana mawili. Hela ya ada ameinunulia kopo la unga wa protini. Anafanya kifua tu, kisha anajipiga picha kwenye kioo. Miguu bado njiti. Nimfanyeje? (Mama Wawili, Tabata)

Pole mwenzangu. Unga ule mara nyingi ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Una manufaa kwa asiye na muda wa kupika, lakini muujiza haumo. Hela ya ada irudi shuleni. Mayai yagawanywe mezani kwa haki, na baba ajazie upungufu wake kwa maharage na dagaa. Watoto nao wanajenga miili, na wao hawajipigi picha.

Misuli mikubwa kuliko yote iko mapajani na makalioni, na mumeo anaiacha nje ya mazoezi kila siku. Mwambie achuchumae na mzigo begani. Akisema hana mzigo, gunia la mkaa analifahamu.

Ila akianza kunong'ona habari za sindano, usicheke. Homoni za kujazia misuli zinazouzwa kichochoroni zinaweza kuharibu moyo na ini, na husinyaza korodani. Hilo la mwisho mwambie kwanza.

Bi Shangazi, mimi ni mstaafu wa miaka 67. Magoti yanalia nikiinuka kitini, na vijana wananicheka nikichungulia jimu. Wakati wangu si umepita? (Mzee wa Kiti, Morogoro)

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wazee kumi wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Waliwapa mazoezi ya miguu kwa wiki 8, tena kwa uzito wa kweli, si wa kubembelezana. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Mbele yao wewe ni kijana wa kutumwa dukani.

Anza na hicho kiti. Kaa, inuka bila kushika kitu, mara nane, pumzika, rudia. Ikiwa rahisi, kumbatia mfuko wa mchele wa kilo tano. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kama una presha, sukari au maumivu makali ya goti, muone daktari kwanza. Na usiishie chai na mkate kwa kisingizio cha hamu kwisha. Mwili wa mzee huhitaji protini zaidi kidogo ya ule wa kijana, kwa hiyo kila mlo uwe na yai, samaki au maharage.

Shangazi, nilifanya miguu Jumamosi, leo Jumatatu nashuka ngazi kinyumenyume. Nimeumia? (Mwenye Mapaja, Ng'ambo, Zanzibar)

Huenda hujaumia. Maumivu ya misuli iliyoshtuka hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha huisha. Tembeatembea, kula, lala. Lakini ukiona misuli imevimba na mkojo umekuwa na rangi ya kahawa, usiningoje mimi. Kimbia hospitali, maana figo ziko hatarini.

Barua tano, dawa moja: mzigo unaokushinda kidogo, chakula kinachoulipia, na usingizi. Atakayeniandikia wiki ijayo aanze kwa kunitajia alichokula jana, tangu asubuhi hadi usiku. Asipotaja, simjibu.