Tabibu wa Injini Awajibu Wenye Magari

Barua zilizotufikia mwezi huu zina shina moja, nalo ni magari yanayowaka kwa shida na, yakishawaka, yakatetemeka. Na kwa kuwa aghalabu ya wenyewe wametoa fedha kwanza wakauliza baadaye, jambo lililo kinyume cha hikima, tumeona heri tuwajibu hadharani ili wengine wapate kunusurika.

*Bwana Tabibu, assalaam alaikum. Probox langu kila alfajiri huwaka kwa mtikisiko hata madirisha ya jirani yakalia, kisha baada ya dakika chache hutulia. Mama mkwe asema ni husuda, nami nimeshauriwa nilifunge hirizi. Je, niifunge wapi? — Mwenye Majirani, Tanga.*

Wa alaikumu ssalaam. Hirizi ifunge popote upendapo, illa usiikaribishe kwenye bomba la moshi, kwani itaungua na mama mkwe atatulaumu sote wawili. Husuda hatuikanushi, lakini hasidi mwenye ustadi wa kuiroga silinda moja akaziacha tatu zimesalimika bado hatujamwona, na gari litikisikalo namna hiyo mara nyingi lina silinda moja isiyochoma mafuta yake sawasawa, maradhi ambayo mafundi huyaita misi.

Anza na lisilo na gharama: fungua rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yakiwa yanapungua kila siku wala huoni yavujiapo, yamkini usiku yanapenya kupitia gasketi ya silinda hedi, na hiyo si kazi ya kuahirisha, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yakiwa salama, na taa ya injini ikiwa imewaka, gari lisomwe kwa kompyuta: kodi (namba ya hitilafu) P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hata P0304. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox nyingi, kila plagi ina koili yake iliyoshikwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Basi, injini ikiwa imezimwa, koili ya silinda inayotuhumiwa uibadilishane na ya silinda jirani, ufute kodi, kisha uwashe. Kodi ikihama pamoja na koili, mhalifu umemshika bila ya kutoa hata senti. Ikibaki pale pale, ing'oe plagi uisome: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi hewa, na unyevu wa oili ni dalili ya ringi au sili za valvu zilizochakaa.

*Tabibu, shikamoo. Gari langu huwaka kwa kusitasita, na silensa hupanda na kushuka. Fundi wangu, kijana mwenye heshima sana, amekwisha kulibadilishia betri, stata, plagi na pampu ya mafuta, na sasa aniambia tujaribu kompyuta mpya. Je, nimvumilie? — Bibi Mstahimilivu, Unguja.*

Marahaba, Bibi. Heshima ya fundi huyo haina shaka, kwa kuwa kila akosapo hukuomba radhi ndipo akutajie bei ya kifaa kifuatacho. Bali huko si kupima, ni kubahatisha kwa mali ya mtu mwingine. Silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ipandayo na kushuka mara nyingi ni ishara ya hewa iliyoingia pasipo idhini, baada ya chujio na kipimo chake, kwa ufa wa mpira au gasketi iliyolegea. Injini ikiunguruma, sikiliza kama pana mluzi, kisha nyunyiza maji kidogo juu ya maungio ya mipira ya hewa, mbali na nyaya na koili. Mngurumo ukibadilika, ufa uko hapo. Kadhalika mlango wa hewa usafishwe masizi kwa dawa yake.

Ama betri ya zamani, naona ilidhulumiwa. Hewa ya bahari huotesha kutu nyeupe na ya kijani juu ya vichwa vya betri, na umeme ukazuiwa njiani. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6; ikiwa wakati wa kupiga stata huporomoka chini ya 9.6, hapo tuhuma ina msingi. Mvumilie kijana huyo, lakini pochi yako ifungwe mpaka atakapokuonyesha kipimo.

*Mzee Tabibu, nimerithi Peugeot 504 ya marehemu baba. Nilichomoa nyaya zote za plagi nikaipiga injini sabuni ikang'aa. Tangu hapo inapiga mizinga kwa kabureta. — Mrithi, Mombasa.*

Mwanangu, Mola amrehemu mzazi wako, ambaye lau angalikuwapo angalikunyang'anya ufunguo. Nyaya umezirudisha ovyo. Silinda za injini hiyo huwaka kwa taratibu ya 1-3-4-2, na Peugeot hii huhesabu silinda ya kwanza kuanzia upande wa gia, si upande wa feni kama wafanyavyo wengi. Fungua kifuniko cha distribyuta, ukikaushe unyevu wa sabuni yako, utazame rota huzunguka kuelekea wapi, kisha uzipange nyaya kwa kufuata mwendo huo.

Anayekusudia kutuandikia mwezi ujao na ataje mambo manne: injini husumbua ikiwa baridi au ikiwa moto, moshi wake una rangi gani, kompyuta imesema nini, na ni kazi gani iliyofanywa mwisho kabla ya maradhi kuanza. Barua isiyokuwa na hayo tutaijibu kwa dua tu.