Panya wa Gairo, Mwenyeji wa Wanazuoni

Abiria wengi wa mabasi ya Dodoma wanaijua Gairo kwa kuichungulia dirishani. Mji umejipanga kando ya barabara kuu, karibu nusu ya njia ukitoka Morogoro. Basi likipunguza mwendo, maji na karanga hupanda, pesa hushuka, safari ikaendelea. Wilaya yenyewe bado changa, ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Hata treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imekata kona upande wa Kilosa na kuuacha mji huu na mabasi yake.

Hata hivyo, nenda Antwerp au Hamburg, ingia maktaba ya chuo kinachofundisha tiba au baiolojia, utalikuta jina Gairo limechapwa kwa wino mweusi. Aliyelifikisha huko si mbunge, si msanii, wala si mchezaji aliyesajiliwa na Simba. Ni mkazi mmoja wa wilaya hii mwenye uzito wa gramu hamsini hivi, asiye na kitambulisho cha taifa, ambaye hajawahi kulipa ushuru wa mazao ingawa mazao anayatumia kuliko mtu yeyote. Wakulima humwita panya shamba. Wasomi humwita Mastomys natalensis, na wanalitamka jina hilo kwa heshima ambayo mkulima wa kata ya Chakwale hawezi kuielewa.

Msomaji asidhani kwamba panya anavishwa kilemba cha ukoka. Stahili zake zimo kwenye maandishi.

Mwaka 2015 jarida la Virology lilitangaza kirusi kipya kilichopatikana ndani ya panya huyu. Mwandishi wa kwanza alikuwa Sophie Gryseels wa Chuo Kikuu cha Antwerp, na miongoni mwa wenzake walikuwamo wataalamu wa Hamburg na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Kirusi kikapewa jina la mahali: Kirusi cha Gairo. Hapo mji ukaingia kwenye orodha moja na Lassa, kijiji cha Nigeria ambacho tangu 1969 kinajulikana duniani kwa homa inayobebwa na panya wa jamii hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Lassa imelipia umaarufu wake kwa misiba, ilhali kirusi cha Gairo hakijaripotiwa kumlaza mtu kitandani. Umaarufu wa bure namna hii wilaya ngapi zimewahi kuupata?

Tena ni kirusi chenye adabu ya uhamiaji. Kati ya Dodoma na Morogoro hukutana koo tofauti za panya shamba, na koo hizo huoana bila barua ya posa. Watafiti waliopima walikuta kwamba panya wanachanganyika lakini virusi havichanganyiki: kirusi cha Gairo hubaki kwenye ukoo wake, na kile cha Morogoro, kilichotangazwa mwaka 2009, hubaki kwenye wake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Mgeni aliyewahi kukaa nchini siku moja zaidi ya tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti yake, kisha akaeleza sababu mbele ya dirisha la ofisi, atakiri kwamba kirusi hiki ni mkaazi wa kupigiwa mfano.

Sifa ya pili ya panya ni udahili. Mimba yake haizidi sana siku 23, na uzao mmoja huweza kuleta watoto kumi na zaidi. Jike amejaliwa chuchu hadi 24 za kuwapokea. Hakuna chuo duniani kinachoongeza wanafunzi kwa kasi hiyo na kuwalisha wote. Yeye hana bodi ya mikopo. Ana mvua. Vuli ikinyesha mapema na kwa wingi, msimu unaofuata mashamba hufurika panya, na ukweli huo ulichapishwa mwaka 1996 baada ya miaka mingi ya kuwahesabu Morogoro. Mwaka 1997 jarida la Nature, ambalo wanasayansi wengi hustaafu bila kuliona jina lao ndani yake, lilichapisha makala kuhusu namna mvua na msongamano vinavyopandisha na kushusha idadi ya panya wa Morogoro. Panya wenyewe hawakuomba hata nakala.

Kiongozi wa utafiti huo, Herwig Leirs, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya panya shamba wa Morogoro. Mwaka 2024 akawa rekta wa Chuo Kikuu cha Antwerp. Wako wanaosema elimu haina ngazi. Ngazi ipo, na ngazi yake ya kwanza ilikuwa na mkia.

Baada ya hapo wageni hawakukatika. SUA, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, imekuwa na kiwanja cha hekta tatu chenye mitego 300 ambamo panya wamekuwa wakikamatwa, wakitiwa alama na kuachiwa kila mwezi tangu 1994. Benki ya Dunia ilipofadhili vituo vya umahiri vya mashariki na kusini mwa Afrika, SUA ilipata kimoja kwa ajili ya udhibiti wa panya, nacho kikasomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali za ukanda huu. Vyuo vingine hutumia vipeperushi vyenye picha za wasichana wanaocheka chini ya mti. Morogoro ilikuwa na panya, wakatosha.

Mwanafunzi anapowasili, ndipo huduma ya panya inapoonekana. Njia ya makaratasi ni ndefu: kibali cha ukaazi daraja C, kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, barua ya mkoa, barua ya wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye muhuri wake umo mfukoni na yeye mwenyewe yuko shambani. Anayechunguza siasa au ardhi hufika kwenye meza hizo akitokwa jasho, kwa sababu swali ni lilelile, "Umekuja kutafiti nini?", na jibu lake huzaa maswali mengine. Anayechunguza panya hujibu kwa neno moja. Ofisi inacheka. Kiti kinavutwa. Karani anasimulia namna gunia lake la maharage lilivyotobolewa, mlinzi aliyesimama mlangoni naye ana yake, na kabla hadithi haijaisha muhuri umeshagongwa.

Huko kijijini, panya huzalisha ajira. Mgeni anahitaji chumba gesti, bodaboda wa kumpandisha kuelekea Rubeho au Nongwe, mama lishe wa kumpikia ugali na maharage, na vijana wa kutega. Mitego hupangwa kwa mistari, mita kumi kati ya mtego na mtego, chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi. Kijana aliyetumwa na baba yake kuua panya bila ujira hugundua kwamba yupo mtu aliyevuka bahari ili amlipe kwa kuwakamata wakiwa hai. Akili ya kijana huyo haiwezi kurudi ilivyokuwa.

Familia za wanafunzi wageni zinazobaki Morogoro mjini nazo hazisahauliwi. Zamani wanafunzi wa kigeni walipokewa kwa namna nyingine: kuanzia 1978 hadi 1992 pale Mazimbu, ambapo leo ni kampasi ya SUA, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa na Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, pamoja na nyumba, hospitali na mahali pa kulelea watoto. Mji mzima ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi na watoto wao. Siku hizi mke au mume wa mwanafunzi hukabidhiwa funguo na mwenye nyumba, na malezi mengine huachiwa panya wa dari. Huyu ni binamu wa mjini, spishi nyingine, lakini moyo ni ule wa ukoo. Usiku wa kwanza hupiga kwata juu ya vichwa vya wageni. Asubuhi mama wa jirani huja kujulia hali, na mazungumzo yana mahali pa kuanzia. Watoto hujua neno "panya" kabla ya kujua "shikamoo". Ndani ya wiki familia imeshajifunza bei ya paka, maana ya debe lenye mfuniko, na sauti ya kipaza cha yule muuzaji anayepita mitaani akinadi dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto kwa pumzi moja.

Yuko pia ndugu aliyefika mbali zaidi, panyabuku, ambaye shirika la APOPO humfundisha Morogoro tangu 2000 kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya shamba hana medali, wala hanung'uniki.

Wapo wanaomsema vibaya. Watataja Lushoto, ambako tauni, ugonjwa unaosafiri na panya na viroboto wao, iliua mamia ya watu kuanzia 1980. Hapo sifa zinyamaze kidogo, maana hilo halina utani. Watataja pia mahindi: makadirio yanayonukuliwa na watafiti ni kwamba panya huiondolea Tanzania kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake kila mwaka. Hizo ni mbegu zinazofukuliwa usiku uleule zilipopandwa, na vihenge vinavyoliwa kuanzia chini.

Ni kweli, lakini pia ndiyo ada. Elimu ya juu ina gharama, na kwa miongo mingi sehemu ya gharama ya tasnifu hizi imelipwa na mkulima wa Gairo, debe kwa debe, bila jina lake kuandikwa kwenye ukurasa wa shukrani. Mfadhili wa Ulaya hutoa fedha mara moja na nembo yake huwekwa juu ya kila bango. Mkulima hutoa kila msimu.

Na alichokilipia kipo. Wasomi wa panya wamegundua kwamba mkulima akitega sumu peke yake anajisumbua, kwani shamba lililosafishwa leo hujazwa kesho na panya wa jirani. Kwamba vichaka vya kingo za shamba ndiyo makazi yao. Kwamba wakati wa kuwapunguza ni kabla ya kupanda, kabla hawajazaliana, na kijiji kizima kwa pamoja. Methali ya panya wengi kutochimba shimo iliwasingizia panya. Wanaoshindwa kuchimba pamoja ni wenye mashamba.

Maarifa hayo mengi yako kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mtendaji wa kata hana namna ya kuyafungua. Basi mwanafunzi anayepanda basi kurudi Morogoro, na kutoka Morogoro kwenda kwao, aache kurasa mbili za Kiswahili kwenye ofisi iliyomgongea muhuri, na azibandike ukutani kabla ya msimu wa kupanda.