Mtukufu Neno la Siri

Kila mji una walinzi wake wa kusifiwa bure. Hapa Uvira, mtaani Kilibula, tunamsifu sentineli ambaye ikifika saa nane za usiku anakoroma kushinda jenereta. Tunamsifu mbwa anayembwekea mwenye nyumba na kumtikisia mkia mgeni. Tunavisifu vipande vya chupa vilivyopangwa juu ya ukuta, ambavyo mtu pekee viliyewahi kumchana ni fundi aliyevipanga. Lakini yupo mlinzi mmoja ambaye hajapata hata shukrani ya mdomo. Hali, hanywi, hadai koti la mvua, hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda matanga Fizi. Yeye huketi mbele ya kompyuta ya mezani, na kila anayeiwasha humuuliza swali moja tu: wewe ni nani? Nalisema neno la siri. Leo nalilipa deni la sifa, na atakayecheka na acheke akimaliza kusoma.

Sifa huanza na nasaba, na nasaba ya huyu ni ya wakubwa. Alizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT, kwenye mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta ilikuwa moja, watafiti wengi, kila mmoja na muda wake wa kuitumia. Fernando Corbató, aliyeongoza kazi hiyo, akaona ni vyema kila mtu awe na mafaili yake, na kila mtu awe na neno lake la kuyafikia. Mtoto hata hajatambaa, mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Allan Scherr, aliyekuwa amepewa muda wa saa 4 tu kwa wiki, aliiagiza mashine imchapie faili lenye maneno ya siri ya watu wote. Mashine, kwa utiifu, ikamchapia. Akawagawia na wenzake, ili lawama isimwangukie peke yake. Haikupita miaka mingi, hitilafu ikachanganya mafaili mawili, na kila aliyeingia kwenye mfumo huo akapokewa, mahali pa ujumbe wa siku, na orodha nzima ya maneno ya siri ya watumiaji wote. Basi anayedai kwamba ni sisi wa Uvira tulioiharibu siri ya neno la siri hajui historia. Neno la siri lilizaliwa likiwa limekwisha kujulikana.

Kwetu lilikuja kwa maji na kwa barabara. Mashine nyingi zilizokwisha kutumika ughaibuni hutufikia kupitia Kigoma, zikavuka ziwa hadi bandari ya Kalundu, au hupita Bujumbura na kuingilia Kavimvira. Nyingi huishia kwenye sekretaria, vile vibanda vya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Nyingine huenda mashuleni, makanisani, kwenye ofisi za mashirika. Na hapo ndipo neno la siri linapoonyesha uwezo wake wa kwanza, ambao hauna uhusiano wowote na usalama: linagawa vyeo.

Chukua ofisi yenye kompyuta moja. Kabla ya neno la siri, wote ni ndugu. Mhasibu anachapa hesabu, mtoto wa sentineli anatazama filamu za Wanigeria, mchungaji anapita kuandika tangazo la ndoa. Siku neno linapowekwa, jamii inagawanyika: kuna wanaojua na kuna wanaoomba. Mama Sekretere, ambaye jana alitumwa mandazi, leo anaombwa kwa adabu: "Mama, utusaidie kuingia." Anasimama polepole. Anawaambia watu wageuze nyuso. Anaandika kwa kidole kimoja, mwili wote umeinama juu ya kibodi, na vitone vyeusi vinajipanga kwenye kioo. Hakuna shahada ya chuo chochote mjini hapa iliyowahi kumpa mtu enzi ya namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Enzi hiyo hukomaa anaposafiri. Mama Sekretere amekwenda Baraka kwenye msiba, na ofisi, ambayo ina sefu, muhuri, bendera na mkurugenzi, imesimama. Mkurugenzi mwenyewe anashika simu. "Mama, pole sana na msiba. Hatutaki kukusumbua. Ila lile neno la mashine..." Mtandao wa Baraka unakatika mara mbili. Kisha sauti inarudi: "Papa Direktere, andika U mukubwa, vira mudogo, kisha arobase, kisha mwaka ule mtoto wangu alizaliwaka." Papa Direktere, kwa kuwa mtandao ni mbovu, anarudia kila herufi kwa sauti ya kuhubiria. Mhasibu amesikia. Mtoto wa sentineli amesikia. Mama anayeuza vocha chini ya mwembe nje ya dirisha amesikia, na ni yeye anayemkumbusha mkurugenzi mwaka mtoto alipozaliwa, maana alikuwepo. Siri inayojulikana na mtu mmoja ni ubinafsi. Siri hii, kufikia saa sita mchana, imekwisha kuwa mali ya mtaa mzima, na bado inaitwa siri kwa heshima zote.

Hata hivyo uwezo wake mkubwa hauonekani mpaka uujue uhusiano wake na kibodi. Sisi tulirithi kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A na Z, ambayo tarakimu zake za juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha Shifti. Ukisahau Shifti, mahali pa 1 unapata &, mahali pa 2 unapata é. Sasa mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, na lililoongoza lilikuwa 123456: watu zaidi ya 290,000 walilichagua. Wataalamu wakashika vichwa kwa uvivu wa binadamu. Hawakufika Kilibula. Kwetu mzee anaambiwa aweke neno la siri, anabonyeza vitufe vya 1 mpaka 5 bila Shifti, na bila kujua ameweka &é"'( yaani alama nne za kiajabu na herufi yenye lafudhi, neno ambalo mwizi wa Moscow angelitolea kofia. Kioo kinaonyesha vitone tu. Mzee anaamini neno lake ni 12345, analitangaza hivyo kwa yeyote anayeuliza, na yeyote anayekwenda kulijaribu huku ameshikilia Shifti kama alivyofundishwa shuleni anakataliwa. Uvivu na ujinga vimeungana vikazaa ulinzi kamili.

Mwenzake aliyefikiri vizuri ndiye anayeadhibiwa. Aliweka neno zuri la herufi, tuseme amani. Kibodi ikamwagikiwa chai, akanunua nyingine, ya Kiingereza, iliyovuka kutoka Kigoma. Mashine haikuambiwa kwamba kibodi imebadilika, nayo inaendelea kudhani inasomeshwa Kifaransa. Anaandika amani, inapokea q,qni. Inamwambia neno si sahihi. Anaandika tena kwa nguvu zaidi, kama kawaida ya watu wanaoongea na viziwi, na amani inakataliwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Yule wa 12345 anapita na kibodi yoyote, maana vitufe vya tarakimu havikuhama. Nimetafuta mafundisho katika jambo hili nikakosa, nikaamua kulisifu tu.

SNEL, shirika letu la umeme, nayo imechangia. Mahali ambapo umeme haukatiki, mtu huandika neno lake asubuhi akalisahau mpaka kesho. Kwetu, kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na onduleri, kila delestaji ni mtihani mpya: umeme unarudi, mashine inawaka, inakuuliza tena wewe ni nani, kana kwamba hamkuonana dakika kumi zilizopita. Vidole vinalikariri neno kuliko wanavyokariri watoto wa katekisimu.

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje katika ukoo huu, Bill Burr. Mwaka 2003, akiwa katika NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo uliosambaa duniani: changanya herufi kubwa na ndogo, ongeza tarakimu na alama, badilisha mara kwa mara. Mwaka 2017 alisema hadharani kwamba mengi katika aliyoandika anayajutia, na mwaka huohuo NIST yenyewe ikaacha kushauri watu walazimishwe kubadilisha neno bila sababu. Ikasema urefu ndio wenye faida. Lakini habari ya toba husafiri polepole kuliko habari ya sheria. Mashirika yanayokuja kutusaidia bado yanatuletea fomu za mwaka 2003, na wafanyakazi wao wanatii: Uvira@2024 linakufa kwa heshima mwezi wa kumi na mbili, Uvira@2025 linatawazwa Januari. Neno jipya linaandikwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinabandikwa chini ya kibodi. Chini ya kibodi, si pembeni ya kioo. Tuna ustaarabu wetu.

Sasa nije kwa wasingiziaji. Wanasema neno la siri halilindi chochote. Wanakumbusha kwamba kwenye Windows 95 na 98 kidirisha kilikuuliza neno la siri, nawe ukibonyeza kitufe cha kughairi ulikaribishwa ndani hivyohivyo. Kweli, na mimi naona hapo ndipo mtambo ulipokaribia zaidi mila zetu: kulikuwa na hodi, jibu likiwa lolote, karibu. Wanasema pia kwamba hata leo, katika mashine nyingi, neno la kuingilia halifungi yaliyomo. Teknisyeni wa mtaani anaweza kuja na flashi yenye mfumo mwingine, akaiwasha mashine kwa flashi hiyo na kuyasoma mafaili yote. Au anafungua kasha kwa bisibisi, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine ya pili, na hesabu za parokia ziko wazi zikiwa uchi. Ili yaliyomo yafungike kweli lazima diski yenyewe isimbwe, na ikisimbwa, ukilipoteza neno na ufunguo wa akiba, hata huyo teknisyeni hana la kukufanyia.

Yote ni kweli, na yote ni sifa. Vijana wangapi wa Uvira wanalipa karo kwa kazi ya kufungua kompyuta ambazo wenyewe wameshindwa kuzifungua? Mwizi, kwa upande wake, hana haja ya neno lolote. Yeye huibeba kompyuta nzima, kasha, kioo na stabilizateri, kisha huiuza kwa mtu ambaye atamlipa teknisyeni huyohuyo. Sheria imejitahidi: Kanuni ya Dijitali ya Kongo, ordinansi-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Lakini ili sheria ipate mlango wa kusema umevunjwa, sharti mlango uwepo, hata wa kartoni. Nani aliyeuweka?

Jambo moja tu siwezi kulisifu, na hapa naacha mzaha kidogo. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku, watu walikufa na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kujaa tope. Pamoja na hasara zilizo kubwa zaidi, zilikwenda na kompyuta, na ndani yake kazi za wanafunzi, orodha za vikundi vya akiba, hati za viwanja. Maji hayakuuliza neno. Aliyekuwa na nakala kwenye flashi mfukoni, au kwa shemeji yake Bukavu, alianza upya Mei. Aliyekuwa na neno la siri zuri alibaki nalo.

Lakini nimekuja kusifu, na mshindi nimemweka mwisho. Iko shule moja, sitaitaja, iliyopewa kompyuta na wafadhili. Prefe, yaani mkuu wa shule wa wakati huo, mtu makini, alikaa nayo ofisini jioni nzima mlango umefungwa, akaiwekea neno la siri refu, akakataa kuliandika popote. Kisha akahamishwa milimani, simu yake ikawa haipatikani. Tangu hapo mashine hiyo imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Haijapata virusi hata kimoja. Hakuna mtihani uliovuja kutoka ndani yake, hakuna mwanafunzi aliyebadilisha alama, hakuna mwalimu aliyetazama asichostahili kutazama. Nimewauliza mafundi wawili, wote wamekiri kwamba hawajui kompyuta nyingine yoyote katika Kilibula iliyo salama kiasi hicho. Teknisyeni alitaka kuja kuifungua. Halmashauri ya shule ilikataa, ikisema ndani kuna siri za prefe.

Mwaka huu wazazi wamechanga, wamenunua ya pili. Imewekwa juu ya meza jirani, bado ina nailoni yake, kwa sababu kikao cha kwanza kilivunjika usiku bila kukubaliana ni nani atakayelichagua neno.