Kilatini cha Malaba

Eti chuo kidogo kufundisha historia na Kilatini ni kuchezea karo ya watu! Aliyenena hayo ni wakala wa forodha, kwenye kibanda cha chai hapa Adungosi, Kenya, karibu na mpaka wa Malaba, makaratasi kwapani. Nikachungulia: juu pro forma, chini ad valorem. Hiyo lugha mfu ndiyo inayomlisha, tena chapati mbili. Na historia? Hadi 1902 hapa tulipoketi palihesabiwa Uganda. Waingereza wakasogeza mpaka, Wateso wakabaki huku na huku, na leo ukienda kumwona shangazi ng'ambo unadaiwa kitambulisho. Wakala akakuna kichwa: ad valorem maana yake nini? Kwa kadiri ya thamani, bwana. Chai utalipa wewe.