Namna ya Kupanga Nyumba Bila Kuinuka Kwenye Kochi

Mwongozo huu ni wa baba mwenye nyumba. Namkusudia hasa yule wa Dar es Salaam mwenye vyumba vitatu, sebule yenye makochi ambayo hakuna anayekumbuka yalipitaje mlangoni, na Jumamosi isiyo na mechi. Ametazama video moja kwenye simu, ameona jikoni kwa watu mahali ambapo hata chumvi imeandikwa jina kwenye chupa yake, kisha akainua macho akaiona nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo hamu ya utaratibu humshika mtu. Mama mwenye nyumba anaruhusiwa kusoma pia, ila asitarajie jipya. Yeye ndiye atakayetekeleza.

Anza kwa kuita kikao. Wote waje sebuleni: mama watoto, watoto, dada wa kazi, na yule mpwa aliyekuja kwa wiki mbili kutafuta chuo na sasa anajua mahali pa kila swichi. Wewe kaa, wengine wasimame. Tangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii itakuwa na utaratibu. Jihadhari usije ukauliza utaratibu uliopo ni upi. Upo. Kuna mtu anayejua unga umebaki wa siku ngapi bila kufungua ndoo. Kuna mtu anayeunyanyua mtungi wa gesi kidogo tu na kukuambia kama utafika Ijumaa. Kuna anayekumbuka ni mtoto yupi ana soksi moja. Ukiuliza utaambiwa, na ukishaambiwa hutakuwa tena na la kusema, kikao kitavunjika kabla hujafika kwenye ajenda ya pili.

Baada ya kikao fungua grupu la WhatsApp na uliite "Utaratibu wa Nyumbani". Wanachama wote wanalala chini ya bati moja, lakini hilo lisikuzuie.

Sasa twende kwenye vitu, maana vitu ndivyo vinavyokukera. Hapa mwalimu wako ni Marie Kondo, mwanamke wa Japani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka huko mwaka 2011, na mwaka 2019 akaonekana dunia nzima kupitia Netflix. Njia yake ni nyepesi. Unalundika vitu vya aina moja mahali pamoja, unashika kimoja kimoja, unajisikiliza kama kinakupa furaha. Kisichokupa furaha unakishukuru kwa utumishi wake, kisha unaagana nacho.

Ijaribu. Shika lile sufuria la shughuli linalopika kilo kumi za mchele. Furaha hakuna; lina masizi, limepinda ukingo, na linakaa mahali ambapo pikipiki ingekaa. Unapoanza kulishukuru unasikia hodi: jirani amefiwa, amekuja kuliazima. Shika kitenge cha sare ya harusi ya binamu wa mkeo, chenye rangi ambayo hakuna mtu angeichagua akiwa na nafasi ya kuchagua. Ukikitoa, bibi harusi atakuja kukitembelea. Watu wa namna hiyo hawaji kukusalimia wewe. Shika dumu tupu. La pili. La nane. Hapo nakushauri usiguse kabisa, kwa sababu siku ya kuagana na madumu ndiyo siku bomba linapokauka, na mkeo hatasahau nani aliyeyashukuru.

Niseme jambo moja bila utani, kisha tuendelee. Anayetupa kwa moyo mweupe ni yule mwenye uhakika wa kupata tena. Mtu ambaye maji yake hayajawahi kukatika hana sababu ya kulala na madumu, na mtu asiyeazimwa sufuria hana sababu ya kuwa na sufuria kubwa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa vurugu katika nyumba zetu ni akiba, na sehemu inayobaki ni mali za watu wengine wanaokuja kuzichukua kwa zamu.

Kuhusu makopo, kubali tu kwamba kinachoandikwa nje hakihusiani na kilichomo ndani. Kopo la Blue Band lina iliki. Kopo la biskuti za Kidenmaki lina sindano, nyuzi na vifungo, na kila mtoto wa nyumba hii amewahi kulifungua kwa matumaini. Ndoo ya rangi ina sembe. Ukiamua kubandika majina utaharibu mpango mzima, kwa sababu mwenye jiko anajua vilipo, na asiyejua ni wewe peke yako, ambaye hupiki.

Mifuko nayo ina historia yake. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Mgeni akichungulia nyuma ya mlango wa stoo yako ataona kwamba kuna mahali taarifa haijafika: mfuko mmoja umening'inia kwenye msumari, una mifuko mingine tumboni, na hiyo nayo ina wajukuu. Mifuko mbadala imeanza kuunda ukoo wake pembeni.

Kabati la vioo lenye vyombo vya wageni usiliguse. Wageni hawajawahi kuvitumia, lakini wanavijua.

Tumefika kwenye stoo, moyo wa taaluma nzima. Nyumba safi inapatikana kwa kuhamisha. Vya sebuleni viende chumbani, vya chumbani viende stoo, na vya stoo visukumwe kwa bega mpaka mlango ufunge. Utaalamu wa kaya hupimwa kwa muda unaopita kati ya hodi na karibu. Kaya changa humkaribisha mgeni kwenye hodi ya kwanza, naye akaona kila kitu, mpaka nguo za ndani zilizoanikwa kwenye mgongo wa kochi. Kaya iliyokomaa huitikia "karibuuu" kwa sauti ndefu kutoka jikoni huku watu watatu wakikimbia kimyakimya: mmoja na beseni la nguo, mmoja na viatu, mmoja akipiga mito. Mlango wa chumba cha watoto unafungwa kwa ufunguo. Mgeni anaingia, anasema "jamani kwenu daima kusafi", na mama mwenye nyumba anajibu, huku akihema, kwamba leo hata hawajafanya usafi.

Sasa muda. Hapa mwalimu wako awe Frank Gilbreth, mhandisi wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyekuwa akipima kazi za watu kwa sekunde ili kuondoa kila mwendo usio na faida. Yeye na mkewe Lillian walikuwa wazazi wa watoto 12, kwa hiyo watu wa kufanyiwa majaribio hawakukosekana. Watoto wao wawili walikuja kuandika kitabu juu ya nyumba hiyo, Cheaper by the Dozen, mwaka 1948. Humo wanaeleza kwamba baba alifunga vifungo vya kizibao kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu njia hiyo ilichukua sekunde tatu badala ya saba. Akajaribu pia kunyoa ndevu kwa nyembe mbili kwa mpigo. Akaokoa sekunde 44, akapoteza dakika mbili kufunga bandeji shingoni.

Mkewe anatufaa zaidi. Frank alipofariki mwaka 1924, Lillian alibaki na familia ya kulisha, akageuka kuwa mtaalamu anayesikilizwa wa kupanga jikoni: meza iwe na kimo gani, vitu vikae wapi ili mpishi asitembee bure. Ndoo ya taka ya kukanyaga kwa mguu inahusishwa na jina lake. Na wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa kupika. Nyumbani kwake kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Huko Ujerumani, Margarete Schütte-Lihotzky alichora mwaka 1926 jiko maarufu la Frankfurt, chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, chenye droo maalumu za unga na mchele, likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Uzeeni alisema waziwazi kwamba kabla ya kulichora hakuwahi kupika: alikotoka alikuwa akipika mama yake, na alipohamia Frankfurt alikuwa akila mgahawani. Marie Kondo naye, mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alikiri hadharani kwamba kupanga nyumba amekuacha kidogo.

Umeona, baba? Wakubwa wa fani hii waligawanyika mafungu mawili: waliokuwa na mtu wa kuwapikia, na aliyelegeza kamba alipozidiwa na watoto. Wewe uko fungu la kwanza. Una sifa zote za kuwa mtaalamu.

Basi andika ratiba, uichape ofisini kwa karatasi ya ofisi, uibandike kwenye friji. Iwe na safu nne. Safu ya mama: kuandaa watoto, kazini, sokoni, kusimamia kazi za shule, kikoba, msiba ukitokea. Safu ya watoto: kutandika vitanda, jambo ambalo wataliamini kwa siku tatu. Safu ya baba: usimamizi. Usieleze zaidi, usimamizi ukielezwa huwa kazi.

Safu ya dada itakuhitaji uunganishe karatasi. Saa kumi na moja alfajiri ameamka, anachemsha maji ya kuoga na chai. Anapiga pasi sare. Anampeleka mdogo kwenye gari la shule. Anafagia, anadeki, anafua kwa mkono kwa sababu mashine ya kufulia inakula umeme wa luku na umeme unalipwa, wakati mikono ya dada inaonekana haina mita. Anachambua mchele. Anakuna nazi. Anapika mchana, anaosha, anaanua nguo, anakunja, anampokea mtoto, anabandika cha usiku, anawaogesha watoto, anatenga chakula, na saa tano usiku anafunga geti nyuma ya baba, aliyekuwa kikao cha harusi. Wataalamu wa muda husema kazi ifanywe kwa vipande vya dakika 25, kisha mtu apumzike dakika tano. Francesco Cirillo, aliyeibuni njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa dada nyanya ni za kukata tu.

Wazee wa pwani walikuwa na kanuni yao ya muda: usiku hakufagiwi, unafagia riziki. Kwa mwanga wa kibatari ilikuwa na busara, maana pete au sarafu iliyodondoka ingeondoka na taka. Lakini faida yake nyingine ni kwamba jua likizama fagio lilipumzika, na aliyelishika akapumzika nalo. Ni mwiko uliomfaa mwenye kufanya kazi, na ndio tulioufuta haraka tulipopata taa. Ile iliyomfaa mwenye kukaa, kama ule wa mwanamume kutoingia jikoni, bado tunailea.

Kabla hujaibandika karatasi yako, kuna nyingine ya kuiweka kando yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Sheria hiyo imewataja wasiohusika nayo: jeshi la wananchi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa. Dada wa kazi hayumo katika orodha hiyo, hata kama anaamka mapema kuliko kuruta.

Chukua kalamu upige hesabu kwa ratiba uliyoiandika kwa mkono wako. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano usiku ni saa 18. Mtolee moja ya kula na kunyoosha mgongo, zinabaki 17. Jumatatu 17, Jumanne 34. Jumatano saa kumi na moja jioni, kabla hajabandika chakula cha usiku, saa zake 45 zimetimia. Kinachofuata hadi Jumapili ni saa za ziada, ambazo nazo zina kikomo na malipo yake.

Saa za mama za nyumbani hazimo katika sheria hiyo, wala za baba awapo nyumbani kwake. Kwa hiyo baba, hakuna kinachokuzuia: unaweza kuosha vyombo hata usiku kucha, bila kibali cha mtu, na beseni limejaa.